TAHADHARI: Anayeuza baiskeli za resi "Shimano 105, gia 21" Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hasa nyie mnaotafuta baiskeli ya resi ya bei ya kati: kuna jamaa anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za kuuza na kununua. Anauza baiskeli ambazo hana, na mara nyingine anazo lakini si zile za kwenye picha. Jina lake siliweki hapa kwa sababu anabadilisha jina kila akibadilisha laini, na mmoja wa waliolizwa ameshafungua jalada. Mtindo wake lakini haubadiliki.

Tangazo lake huwa hivi: "Baiskeli ya resi, kaboni, Shimano 105, gia 21, imetoka Japani, haijatumika sana. 750,000, maongezi yapo." Shimano ni kampuni inayotengeneza vifaa vya gia, na 105 ni daraja lake la kati kwa baiskeli za resi. Picha ni safi kupita kiasi, baiskeli imeegemezwa kwenye ukuta wa matofali mekundu ambao sijawahi kuuona kuanzia Shangani hadi Mikindani. Bei ndiyo mtego wenyewe. Angesema laki mbili kila mtu angecheka. Hiyo laki saba na nusu mtu anaiona ni bei ya mtu aliyebanwa na shida, anauza kwa hasara kidogo, basi moyo unalainika.

Muulize yuko wapi. Ukiwa Mtwara, yeye yuko Lindi. Ukiwa Lindi, yuko Masasi. Yaani siku zote yuko mbali kiasi kwamba nauli ya kwenda kuangalia tu inakuuma, lakini karibu kiasi kwamba unamwona ni mtu wa nyumbani. Kutoka Mtwara kwenda Lindi ni kilomita mia na kitu, na kwenda Masasi ni kama mia mbili. Anaujua huo uvivu wetu. Mama mmoja wa Lindi alimwambia anakuja Masasi kesho yake asubuhi na basi la kwanza, na jamaa akapata msiba ghafla, yuko safarini Songea.

Halafu unakuja ujumbe ambao kila aliyelizwa anao kwenye simu, karibu neno kwa neno: "Boss wangu, kuna mwalimu wa Newala anaitaka leo leo. Nitumie hata laki mbili ya kuishikilia, nisije nikakuangusha." Ukituma, kuna njia mbili. Ya kwanza anakuzima papo hapo, hiyo ni rahisi kuielewa. Ya pili ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu mzigo unakuja kweli.

Kijana wa jirani yangu hapa Chikongola ilimkuta hiyo ya pili. Alitanguliza laki mbili, akatumiwa picha ya boksi limefungwa, akaambiwa amalizie ndipo apewe namba ya mzigo. Akamalizia. Boksi likashuka stendi ya Mkanaledi, akalipeleka nyumbani kwa bajaji, akaniita nimsaidie kuunga maana mimi ndiye mwenye spana za hizi baiskeli mtaani kwetu. Tulipotoa plastiki nikajua kabla hata sijainyanyua vizuri. Ilikuwa nzito. Fremu ya "kaboni" ilinasa sumaku ya spika mbovu kila mahali nilipoigusisha, kwa hiyo ni chuma, kimepakwa rangi nyeusi isiyong'aa na kubandikwa stika. Rangi yenyewe ilikuwa imepita juu ya kutu pale mirija inapokutana. Na chini, kwenye kifuko cha ekseli ya pedeli ambako namba ya fremu huwa imegongwa, palikuwa pamesuguliwa kwa tupa. Hapo mambo yanazidi kuwa mabaya, kwa sababu baiskeli iliyofutwa namba inaweza kuwa ya wizi, na atakayekutwa nayo barabarani ni wewe.

Stika ya 105 ilikuwepo, tena imebandikwa vizuri. Lakini kwenye breki za usukani kulikuwa na kitufe kidogo cha kubonyeza kwa dole gumba ili kubadilisha gia. Shimano wametumia kitufe hicho kwenye daraja lao la chini kwa baiskeli za resi, Tourney, na zamani kidogo kwenye Sora na zile za 2300. 105 haijawahi kuwa nacho. Nikageuza kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo, nikapangusa grisi upande wa ndani, nikasoma: RD-TY. Ndiyo Tourney, kile kile kinachofungwa kwenye baiskeli za watoto za gia. Si kifaa kibaya kwa kazi yake. Lakini hakuna anayepaswa kukilipia laki saba.

Kijana alipompigia, jamaa alijibu mara moja tu: "Kaka, mzigo ukishatoka haurudi." Baada ya hapo namba haipatikani.

Sasa rudini kwenye tangazo lenyewe, kwa sababu uongo umeandikwa humo humo. Gia 21 maana yake sahani tatu za meno mbele na saba nyuma, tatu mara saba. Shimano 105 ya R7000, iliyotoka 2018, ina sahani 11 nyuma na mbili mbele, yaani gia 22. Iliyoitangulia, ya 5800, nayo ni 11 nyuma. Za kabla yake, 5700 na 5600, ni 10. Ya R7100 ni 12. Ukiona mtu anakwambia 105 yenye gia 21, ama hajui anachouza ama anajua wewe hujui. Siku hizi naona kwenye namba mpya ameandika Ultegra, ambayo iko juu ya 105. Gia ameziacha zile zile 21.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza hela, mwombe picha moja: upande wa ndani wa kihamisha mnyororo cha nyuma, karibu, herufi zisomeke, na pembeni kuwe na karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako kwa mkono. Mwenye baiskeli anaipiga kwa dakika mbili. Mwizi wa picha ataanza hadithi za kamera mbovu. Herufi zenyewe zinasomeka hivi: RD ni kihamishi cha nyuma, FC ni mikono ya pedeli, na namba zinazofuata zinataja daraja, kuanzia la chini. R2000 ni Claris, R3000 ni Sora, 4700 ni Tiagra, R7000 ni 105. Mikono ya pedeli nayo ina namba upande wa ndani, na mara nyingi wanaobandika stika wanasahau kuisugua.

Kuhusu Japani, ni kweli baiskeli nyingi za mtumba zinatoka huko, na nyingine ni nzuri sana. Zikitoka huko huwa bado zina stika ndogo ya usajili ya kuzuia wizi, yenye maandishi ya Kijapani na namba, imegandishwa kwenye fremu. Stika hiyo ikiwepo haithibitishi kila kitu, na ikikosekana si lazima ni uongo, maana wapo wanaoibandua kabla ya kupaka rangi upya. Lakini mtu akisema Japani, iulizie. Utaona anavyojiumauma.

Ukifika mbele ya baiskeli yenyewe, nenda na sumaku. Isiponasa, fremu inaweza kuwa aluminiamu au kaboni. Aluminiamu utaiona kwa mishono ya kuchomelea pale mirija inapoungana, na ukiigonga kwa kucha inalia kichuma. Kaboni inatoa sauti butu. Mimi kwa bajeti ndogo kaboni ya mtumba siigusi, naomba mnisamehe wapenzi wa kaboni. Ikishaanguka vibaya inapata ufa ndani, wanapitisha rangi juu, na siku inapokatika foki hakuna onyo unalopewa. Pelekeni pia kwenye mizani. Huku kwetu mizani hazikosekani. Baiskeli ya resi ya aluminiamu ya daraja la kati huwa kwenye kilo tisa hadi kumi na moja. Ikisoma kumi na tano, maongezi yameisha.

Mnyororo upimeni kwa rula yenye inchi. Jozi 12 za viungo, pini hadi pini, zinatakiwa kuwa inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi umechoka, na ukizidi kwa sehemu moja ya nane ujue umeshakula na meno ya nyuma, kwa hiyo ongeza bei ya vyote viwili kwenye hesabu yako. Pitisha kidole kwenye rimu pale breki inapokamata. Ukikuta pamebonyea kama bakuli, rimu imekwisha.

Na pesa kidogo ifanye nini? Maoni yangu, mkiniuliza, ni kwamba Claris au Sora halali kwenye fremu ya aluminiamu nyoofu inashinda "105" yoyote ya kubandika. Gia nane za nyuma za Claris zinatosha kukupandisha mlima wa Mikindani, na mnyororo wake na meno yake ni rahisi kuliko vya gia 11. Muhimu zaidi ni saizi. Anayekuuzia bila kukuuliza urefu wako hauzi baiskeli. Fremu ya sentimita 50 kwa mtu mrefu ni mgongo tu, haijalishi imeandikwa nini ubavuni. Uangalie pia tairi zinazoingia. Nyembamba za 700x23, yaani upana wa milimita 23, zinapendeza kwenye picha, lakini ukiacha lami kidogo tu kukwepa lori kwenye barabara ya Naliendele utajuta, kwa hiyo tafuta fremu inayopokea 28, au 32 ukibahatika. Na tyubu zake nyingi zina valvu ile nyembamba ambayo pampu ya fundi wa kawaida hapa mtaani haiingii bila adapta. Adapta ni kitu kidogo, weka mfukoni siku zote. Tairi na tyubu za 700 usitegemee kuzikuta duka la kila kona. Huwa tunaagiza Kariakoo.

Nimeandika hivi ndefu kwa sababu ya wakati. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo ya wakulima yanaingia benki, na watu wa aina hii wanaijua kalenda yetu kuliko sisi. Kijana aliyelipwa korosho za baba yake wiki hii ndiye atakayeambiwa kuna mwalimu wa Newala anaitaka leo leo.

Kwenye kutuma pesa kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Kati ya waliolizwa ninaowajua, jina lililotokea halikuwa lile alilojitambulisha nalo, na wote walipewa sababu ile ile, kwamba laini ni ya mke wake. Kama mzigo unakuja kwa basi, kubaliana mapema kwamba utafungua boksi pale pale ofisi ya mizigo na kulipa baada ya kuona. Atakayekataa, mwache na boksi lake.

Mlioshalipa msifute ujumbe wala muamala hata mmoja, hata kama unawaudhi kuuona. Nendeni kituo cha polisi mpewe RB (namba ya taarifa yenu), piga simu mtandao wako mapema uwaombe wazuie muamala kama pesa haijatolewa, na namba yake itumeni kwenda 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kupokea taarifa za utapeli wa simu. Mkiwa wengi mnaolalamikia mtindo mmoja, jalada linakuwa na uzito. Aliyelizwa Lindi au Masasi aandike hapa chini amelizwa lini na kwa jina gani, nimuunganishe na huyu kijana wa Chikongola.

Na ukiwa na mashaka na baiskeli yoyote, si ya huyu tu, nitumie ile picha ya namba ya kihamisha mnyororo kabla hujatuma hela. Kuisoma sitozi kitu.