Mshumaa wa Pasaka wa nta ya Tabora: nta nzuri, utambi mbovu

Parokia ya Tabora kuagiza mshumaa wa Pasaka wa parafini, nta itokanayo na petroli, ni sawa na mvuvi wa Kigoma kula samaki wa kopo. Huku kuna asali, na penye asali pana nta. Unaopimwa hapa ni ule wa nta tupu, unaomiminwa na wafuga nyuki ndani ya kipande cha bomba: urefu sentimita 90, kipenyo 6.

Kwa nta, hauna mpinzani. Unanukia mzinga na moshi wake ni mdogo. Mbiu ya Pasaka, wimbo wa sifa unaoimbwa mbele ya mshumaa huu usiku wa Mkesha wa Pasaka, inawataja nyuki kabisa, na kuiimba mbele ya bomba la plastiki lililojazwa mafuta ni kichekesho. Waraka wa Roma wa 1988 kuhusu adhimisho la Pasaka ulishasema: uwe wa nta, mpya kila mwaka, mmoja tu, mkubwa wa kutosha, usiwe wa bandia.

Kabla ya kulipa, upime kwenye mizani. Wa ukubwa huo, ukiwa nta tupu na umejaa, hukaribia kilo 2.4. Ukisoma 2.3 au chini yake, umechanganywa na parafini au una uwazi ndani: nta husinyaa ikipoa, na mmiminaji hakuongezea. Ukungu mweupe juu yake usikutishe. Ni wa nta halisi. Futa kwa kitambaa laini.

Shida ni utambi. Wengi huweka uzi wa pamba uliosokotwa tu, tena mwembamba. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na uzi huo hauwahi kuinywa. Moto unachimba shimo, dimbwi linauzamisha, mshumaa unazimika Mbiu haijaisha. Na usiku ule kila kitu kinaning'inia kwenye mwali huo mmoja: kanisa lina giza, "Mwanga wa Kristo" inaimbwa mara tatu, na mishumaa ya waumini inawashwa kutoka hapo. Ufufuko huonekana kwa macho kabla haujahubiriwa. Kwa hiyo dai utambi wa pamba uliosukwa, ambao ncha yake hujipinda na kuungua yenyewe. Mnene mno nao hutoa masizi. Chovya ncha kwenye nta ya moto mapema, maana utambi mkavu hausimami na upepo wa nje, kisha ikate ibaki nusu sentimita.

Stika za mapambo achana nazo, hubanduka. Chonga msalaba, Alfa juu, Omega chini. Tarakimu za mwaka hukaa kwenye pembe nne za msalaba huo: juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia. Punje tano za ubani, kwa madonda matano ya Kristo, huchomekwa kwenye msalaba: juu, katikati, chini, kushoto, kulia. Hapa ndipo mishumaa mingi hupasuka, kwa kusukuma msumari baridi. Pasha msumari moto, toboa mchana, usiku padre achomeke tu.

Usiuegemeze kwenye kona ya sakristia, chumba cha vifaa vya ibada, utapinda; ulaze. Baada ya Pentekoste utahitajika kwenye ubatizo na kando ya jeneza, hivyo ubaki wa kutosha. Misa fupi huuacha na ukuta wa nta pembeni: ukizimwa tu, nta ikiwa bado laini, ukandamize ukuta huo kuelekea ndani kwa dole gumba.