Msimu mzima na seti ya jigi za besi: uzoefu wangu

Niliinunua seti hii ya jigi sita kwa sababu moja. Nilichoka kuvua besi wadogo (besi ni samaki wa maji baridi) kwa chambo bandia za kupita juu juu ya maji, huku wakubwa nikiwaona wamejilaza chini ya magogo wala hawashtuki. Kila mvuvi wa besi niliyemuuliza alinipa jibu lile lile: samaki wa chini hutolewa kwa jigi. Sasa msimu umeisha. Jigi mbili nimezipoteza, nne zimechakaa mikononi mwangu, na naweza kusema bila kuumauma maneno kwamba hii ni seti nzuri ya kujifunzia. Ina kasoro mbili za utengenezaji, na karatasi ya maelezo iliyomo kisandukuni haigusi kabisa jambo ambalo mwanafunzi analihitaji kuliko yote, nalo ni kujua kwamba samaki ameshika.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, jigi ni ndoano moja nene iliyoshikanishwa na kichwa cha risasi au cha tangsteni, metali nzito. Shingoni imefungwa sketi ya nyuzi nyembamba za silikoni. Mbele ya ncha ya ndoano kuna kibrashi cha nyuzi ngumu kinachoizuia isinase kwenye magugu na matawi. Nyuma yake mvuvi huchomeka mkia wa plastiki laini, mara nyingi wenye magando mawili, na kitu kizima kikifika chini kinafanana na kamba wa maji baridi anayerudi kinyumenyume kujificha. Besi anampenda mno kamba huyo.

Kwenye seti yangu kulikuwa na tatu za aunsi 3/8, yaani gramu 10 na ushei, mbili za aunsi 1/2 na moja ya aunsi 1/4. Ndoano zote ni za ukubwa wa namba 4/0. Nilizipima kabla ya kuzitia majini kwa kuburuta ncha juu ya ukucha wa kidole gumba. Ndoano kali hukwama pale pale, butu huteleza. Tano zilikwama. Moja niliinoa kwa tupa ndogo, ikawa sawa na wenzake.

Wiki tatu za mwanzo sikuambulia kitu. Nilikuwa nikirusha jigi karibu na gogo, kisha nauweka mshipi umekaza huku nikiisubiri izame, kwa kuwa nilidhani nikiulegeza sitasikia samaki akidona. Siku moja nikaenda mahali penye maji maangavu, ukingoni ambako sakafu inaonekana, nikaidondosha jigi hatua chache mbele yangu ili niitazame inavyofanya. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Mshipi ukiwa umekaza, jigi haizami wima. Inakuja kwako kama bembea, na inapogusa chini iko mbali na gogo ulilolilenga. Nilikuwa nikivua kwenye mchanga mtupu wiki zote tatu. Nikaulegeza mshipi, nikaiona inashuka wima kama jiwe, sketi imejifunga. Ilipogusa chini nyuzi zote zikafunguka kama ua na magando yakainuka taratibu. Niliirudia mara nyingi sana ile, kwa raha tu ya kuiona.

Kwa hiyo somo la kwanza ambalo ningelichapa kwenye kisanduku kwa herufi kubwa ni kwamba jigi inavua inaposhuka. Besi wengi niliowapata waliichukua kabla haijatua, au punde tu baada ya kutua. Ipe jigi mshipi mlegevu, lakini macho yako yasitoke kwenye mshipi huo pale unapoingia majini.

Nije kwenye kule kushika, maana ndiko nilikopoteza samaki wengi. Besi haing'ati jigi kama mbwa anavyong'ata mfupa. Anafungua mdomo ghafla, maji yanaingia kwa nguvu na kila kilichomo ndani yake, naye akiona amemeza kitu kigumu asichokitambua anakitema. Yote ni ya kufumba na kufumbua. Ukisubiri mvuto mkubwa wa kukupokonya ufito, utasubiri hadi jioni. Ninachokisikia mimi mara nyingi ni "tik" moja ndogo, kama mtu amegonga ufito kwa ukucha. Wakati mwingine hakuna tik, ila unapoinua ncha unakuta uzito laini ambao haukuwapo, mfano wa kitambaa kilicholowa. Wakati mwingine ni kinyume chake: uzito wa jigi unatoweka kabisa, kwa sababu samaki ameibeba anakuja nayo upande wako. Na kuna ile ya mshipi kujiendea pembeni pole pole, bila upepo, bila mkono wa mtu.

Samaki wangu wa kwanza wa jigi hakunipa hata moja kati ya hizo. Palikuwa na mti uliozama, na nilikuwa nimeshazoea kuhesabu jigi inaposhuka. Pale palichukua hesabu ya sita ndipo mshipi ulegee, ishara kwamba imefika chini. Nikarusha tena mahali pale pale. Moja, mbili, tatu, mshipi ukalegea. Nilitulia kama maji ya mtungini kwa nukta moja hivi, nikijiuliza chini imepandaje juu. Kisha nikazungusha rili kuondoa ulegevu, nikashusha ncha ya ufito, nikapiga juu kwa nguvu zote. Ufito ukapinda na ukabaki umepinda. Alitoka besi wa sentimita 46, taya lake limepita nyuma ya jicho, ndiyo alama ya besi mdomo-mkubwa. Mwenzake mdomo-mdogo taya halivuki jicho. Jigi ilikuwa imekaa kwenye paa la mdomo, pale pagumu ambapo ndoano haichomoki. Mikono ilinitetemeka kiasi kwamba niliangusha koleo mara mbili kabla ya kuitoa. Tangu siku hiyo kuhesabu sijaacha.

Kuna zoezi lililonisaidia kati ya siku za kuvua. Nililaza jigi ardhini, nikarudi nyuma hatua ishirini, nikafumba macho na kuivuta taratibu kwa ufito, juu ya changarawe, kisha udongo, kisha nyasi, kisha juu ya kijiti nilichokilaza makusudi. Changarawe inapigapiga, udongo unavuta bila sauti, kijiti kinaizuia halafu kinaiachia kwa mruko. Ukishazijua hisia hizo, chochote kisichofanana nazo huko majini unakishuku, nawe unapiga. Kupiga ni bure. Nilipoanza kupiga kwa kila shaka ndipo idadi ya samaki ilipoongezeka.

Vifaa nitavipitia haraka. Natumia ufito wa futi 7, mgumu kiasi, wenye ncha inayorudi upesi, kwa sababu ndoano hii ni nene na kibrashi lazima kilale kwanza ndipo ncha ichome; ufito laini hauwezi kazi hiyo. Mshipi ni wa florokaboni, aina ya plastiki nzito, unaohimili ratili 15 na unaozama vizuri kuliko nailoni. Penye magugu mazito nilihamia kwenye mshipi wa kusokotwa. Fundo ni Palomar, na lazima uliloweshe mate kabla ya kulikaza, vinginevyo florokaboni hujiunguza lenyewe kwa msuguano na kukatika kwa samaki wa kwanza mwenye maana.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni kibrashi. Kilikuwa kigumu kupita kiasi. Samaki watatu mfululizo niliwasikia, nikapiga, jigi ikarudi mikononi sketi imevurugika na mkia umechunwa, samaki hayupo. Nikakibonyeza kwa kidole nikaona ninatumia nguvu nyingi mno. Nilikikata kwa mkasi hadi kikabaki kimezidi ncha ya ndoano kidogo tu, nikang'oa nyuzi chache za katikati, kisha nikazitawanya zilizobaki kushoto na kulia kama kipepeo. Nyumbani nikazilaza mbele na nyuma kwa kidole gumba mpaka zikalainika. Baada ya hapo tatizo liliisha. Mvuvi mzoefu atasema kila jigi hukatwa hivyo, na ni kweli, lakini seti inayouzwa kwa wanaoanza ingepaswa kuja tayari, au angalau karatasi ya maelezo iseme.

Kasoro ya pili ndiyo iliyoniudhi kweli. Sketi zimeshikwa shingoni kwa kipete cha mpira. Kufika katikati ya msimu vipete vya jigi tatu vilikuwa vimepasuka, sketi zikawa zinateleza hadi kwenye kona ya ndoano, na jigi moja ilivuliwa sketi yote na tawi. Ni kweli kisanduku changu kilikaa juani siku kadhaa, na joto ni adui wa mpira, ila chombo cha uvuvi kinakaa juani, huko ndiko kazi yake ilipo. Nilimwandikia aliyeniuzia. Akajibu kwamba hiyo ni sehemu ya kuchakaa kwa kawaida, na hapo mazungumzo yakaishia. Zilizobaki nimezifunga upya kwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko mitano, nikakunja ncha ndani. Hazijasogea tena. Rangi ya vichwa nayo ilibanduka kwenye miamba mapema, lakini hilo sikuona samaki akilijali.

Kukwama ni sehemu ya jigi, usinunue kama huwezi kulivumilia. Vichwa vya umbo la yai lililolazwa, ambavyo seti hii inavyo viwili, vilipita kwenye mawe vizuri ajabu, vinabiringika badala ya kuchomeka kwenye nyufa. Vile vya kichwa chembamba vilikuwa bora kwenye matawi na magugu. Ikikwama usivute. Nilizipoteza zile mbili siku za mwanzo kwa kuvuta kwa hasira, ndoano ikazidi kuzama kwenye ubao. Legeza mshipi, tingisha ncha taratibu, uzito wa kichwa wenyewe utairudisha nyuma. Ikikataa, hamia upande wa pili uvute kutoka kule jigi ilikoingilia. Kuna mara nimeikwamua, ikadondoka kutoka kwenye tawi, na besi akaichukua papo hapo.

Rangi zisikupotezee muda. Maji ya tope nilitumia nyeusi yenye nyuzi za buluu, maji maangavu nilitumia kahawia na kijani cha kufifia. Uzito una maana kubwa zaidi: aunsi 3/8 ilinifaa karibu kila mahali penye kina kisichozidi mita tatu, 1/2 kwenye kina zaidi au upepo ulipokuwa ukivuta mshipi, na ile ya 1/4 ndiyo iliyowashawishi samaki wa maji ya baridi. Besi ni mnyama wa damu baridi. Maji yakipoa mwili wake unapoa, hakimbizi kitu, na kitu kinachoshuka pole pole ndicho anachopata muda wa kukifungulia mdomo. Siku hizo niliiacha jigi chini bila kuigusa nikihesabu hadi kumi, ndipo niiburute kiasi cha kiganja.

Jambo moja ningependa watengenezaji walibadilishe: vichwa hivi ni vya risasi. Ndege wa majini wakimeza vipande vya risasi wanakufa kwa sumu, na Uingereza ilishapiga marufuku chubwi nyingi za risasi za uvuvi tangu 1987. Mimi huwa nanawa mikono kabla ya kugusa chakula, na zile mbili zilizobaki chini ya maji zinanikera hadi leo. Tangsteni ni ghali zaidi, ila ni nzito kuliko risasi kwa kiasi kikubwa, gramu 19 na ushei kwa kila sentimita ya ujazo dhidi ya 11 na ushei, hivyo kichwa kinakuwa kidogo kwa uzito ule ule. Isitoshe ni ngumu, na jiwe likiguswa unalisikia hadi kwenye kiwiko. Niliazimwa moja kwa asubuhi moja tu, nikaijua tofauti kwenye mrusho wa kwanza.

Je, ningemshauri anayeanza ainunue seti hii? Ndiyo, kwa masharti. Uwe na mkasi na waya wa shaba siku ile ile unapoifungua, na uende majini na jigi peke yake. Chambo zako nyingine ziache nyumbani, kwa sababu saa mbili bila samaki zikipita mkono utazifuata, nami nilizifuata mara nyingi kabla ya kuanza kuziacha. Kwa msimu ujao nimeshaagiza nne za tangsteni, zote aunsi 3/8, zote za sketi iliyofungwa kwa waya. Ile kahawia iliyonipa yule wa sentimita 46 nimeinoa upya, nikaibadilishia sketi, na imerudi kisandukuni pamoja nazo.