"Mtoto wako hajapotea, amehamishwa tu"

Naandika maoni haya ya kumpa nyota wakala aliyenipeleka kusoma Marekani, nikiwa nyumbani Likoni. Miezi imepita tangu nirudi, na bado nikiikumbuka ile siku ya mifuko mikono inanitetemeka. Nilikwenda Marekani kusoma mwaka mmoja wa sekondari, jimbo la Minnesota, nikiwa na miaka kumi na sita, kupitia wakala mmoja mwenye ofisi hapa Mombasa. Jina lao silitaji. Mambo ya ada, fomu na mahojiano ya viza kule ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi, mtawauliza wenyewe. Mimi nataka kueleza walivyonihamisha.

Familia ya kwanza iliyonipokea kule haikunikosea. Baba wa nyumba alipata kazi mji mwingine, wakawaambia wakala mapema kwamba hawataweza kukaa nami. Mapema! Aliyekuwa hajui ni mimi tu. Ilikuwa kama wiki ya tatu hivi, ndiyo kwanza nimejua kufungua kufuli la nambari la kabati langu shuleni bila kuomba msaada. Narudi nyumbani, namkuta mratibu wa wakala, mama mmoja, amesimama chumbani kwangu na bunda la mifuko myeusi ya taka. Masanduku yangu yalikuwa stoo ya chini. Akasema hana muda wa kwenda kuyatoa, kuna mwanafunzi mwingine anamngoja. Akaanza kutia vitu vyangu kwa mikono yake: mabuibui, sweta, viatu, vyote pamoja. Msahafu na msala niliviwahi, nikavikumbatia.

Leso sikuiwahi. Nyanya alinunua jozi Biashara Street, akaikata, kipande kimoja akabaki nacho yeye na kimoja akanipa mimi. Ilikuwa nyekundu yenye pindo nyeusi, imeandikwa "Radhi ya mama ni ngao". Nilikuwa nikijifunika kila usiku, maana bado ilikuwa na harufu ya udi wa kwetu na sikutaka kuifua. Yule mratibu hakuikunja. Aliishindilia kwa ngumi juu ya viatu, akafunga fundo.

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017, kwetu mfuko mweusi una kazi moja tu. Kumbe na kule ni hivyo hivyo. Mifuko ilikuwa minne, ikafika mitatu. Wa nne uliachwa gereji kando ya mapipa, gari la taka likapita likauzoa. Niliambiwa hayo siku kadhaa baadaye, kwa ujumbe wa mistari miwili: pole, lakini zilikuwa nguo tu.

Usiku wa siku ile ya kuhamishwa nilimpigia mamangu. Kule ilikuwa saa mbili usiku, huku saa kumi alfajiri. Nililia hadi akashindwa kuelewa niko nyumba gani na kwa nani. Kulipopambazuka akavuka feri, akafika ofisini kwao kabla haijafunguliwa, akakaa kwenye benchi hadi adhuhuri. Mwishowe akatoka kijana mmoja, kwa umri ni sawa na kitindamimba wake. Shikamoo hakumpa. Hakumkaribisha ndani. Alisimama mlangoni, macho kwenye simu, akasema: "Mama, mtoto wako hajapotea, amehamishwa tu." Mamangu akaomba anwani ya pale nilipo. Hakuwa nayo! Akamwambia arudi kesho.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kuliko hata kwenye mfuko. Mtu amekukabidhi mwanawe umvushe bahari, anakuja kuuliza amelala wapi, nawe unamjibu kama aliyefuata mzigo wa basi.

Baadaye nilisoma kanuni za serikali ya Marekani kuhusu programu hizi, na ningetamani kila mzazi wa Mombasa azijue kabla ya kutia saini. Familia mwenyeji lazima ikaguliwe na kukubaliwa kwanza, ndipo mwanafunzi aingie. Mwakilishi wa programu lazima awasiliane nawe angalau mara moja kila mwezi. Na lazima upewe kadi yenye anwani ya mwenyeji wako, nambari za wakala, na nambari ya simu ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwa ajili ya wanafunzi kama sisi. Kadi nilipewa, sikatai. Ilibaki na anwani ya nyumba ya zamani mpaka nikaondoka. Ile nambari ya Wizara ilikuwa nyuma ya kadi kwa maandishi madogo sana, na hakuna aliyeniambia kwamba naweza kuipiga.

Kwa hiyo nyota moja. Nilitaka kuishia hapo, lakini nitakuwa nadhulumu nisipoitaja familia ya pili.

Mama wa nyumba ile hakuwahi kuishi na Mwislamu. Wiki ya kwanza tu akaniomba karatasi ya nyakati za sala, akaibandika kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la samaki. Kwetu Magharibi haibanduki sana kwenye saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kule Desemba jua lilizama saa kumi na nusu, na baridi ilikuwa kali hadi ukivuta pumzi unahisi pua zinagandana ndani. Nikishuka kwenye basi la shule nilimkuta mlangoni, anasoma karatasi yake: "Bado saa moja." Ramadhani ilipoingia aliamka kula daku nami saa kumi na moja, na yeye hafungi. Anakaa tu na kikombe chake cha kahawa nisile peke yangu.

Nikimkumbuka yeye nataka kuongeza nyota, hata tatu. Halafu nakumbuka kwamba familia zinazotupokea kule hazilipwi kitu kwa kutukaribisha, kanuni ndivyo zilivyo. Zile nyota ni zake, wakala hana haki nazo. Watu huniambia: lakini si wao waliokupeleka kwake? Ni kweli. Nami nimemwambia binamu yangu aombe nafasi mwakani, maana mwaka ule sitaubadilisha na chochote. Ila asipitie kwao. Au akipitia, mamake asikubali kutoka ofisini bila anwani iliyoandikwa, na kila mara wakimhamisha wampe nyingine siku hiyo hiyo.

Nyanya bado anakifunga kipande chake. Nimewaandikia wakala mara tatu kuhusu changu na hawajanijibu hata kwa neno moja. Sitaki pesa. Nataka mtu mmoja kutoka ile ofisi avuke feri, aje Likoni, amwamkie mamangu, na amwombe radhi mbele yangu.