VPN au kufungua poti moja kwa moja: imeili ya ofisi ukiwa nje

Imeili inafanya kazi vizuri ofisini alafu ukifika nyumbani inagoma, hapo kuna njia mbili, mtu aingie kwanza kwa VPN (njia ya siri ya kuunganisha kifaa chako na mtandao wa ofisi kupitia intaneti) au seva ya imeili ifunguliwe poti, yaani milango yake ya namba, ifikike moja kwa moja toka nje.

Kwa VPN laptopu inakua kama iko ndani ya ofisi, setingi hazibadiliki, na seva haionekani na kila mtu huko intaneti. Shida yake ni kwamba VPN ikikatika imeili nayo inakatika, na kwenye simu inachosha kweli. Ikigoma cheki kama jina la seva linapatikana, mana mara nyingi VPN imeunganika ila DNS (huduma inayogeuza jina la seva kua anwani yake) bado ni ya nyumbani.

Kufungua poti ni rahisi kwa mtumiaji, ila kazi yote inabaki kwa fundi. Kupokea ni kwa IMAP (utaratibu wa kusoma imeili zilizoko kwenye seva) poti 993, kutuma ni 587 au 465. Hapa ndo wengi wanakwama, wanapokea ila hawatumi, kumbe wameweka poti 25 ambayo kampuni nyingi za intaneti zinaifunga kwa wateja wa nyumbani kuzuia spamu, we badilisha tu iwe 587 na uwashe uthibitisho wa jina na paswedi. Cheti cha seva (kinachothibitisha kua seva ndo yenyewe) pia kiwe na jina lile lile mnalotumia nje, la sivyo programu italalamika.

Mi nachagua VPN kwa laptopu. Simu tu ndo ningefungulia 993 na 587, na paswedi ziwe ngumu kwelikweli, mana wanaobahatisha paswedi hawalali.