Miaka miwili katika jengo la kale lililoongezwa ghorofa: uzoefu wangu kama mpangaji

Nimepanga kwa miaka miwili katika jengo la mawe la enzi za ukoloni, hatua chache kutoka Moi Avenue jijini Nairobi, barabara iliyokuwa ikiitwa Government Road. Mwenye jengo alilikarabati, akaliongezea ghorofa tatu za chuma na vioo, kisha akaligawa: maduka na mkahawa chini, ofisi na karakana katikati, vyumba vya kuishi juu kabisa. Karakana yangu ya ushonaji iko ghorofa ya kwanza, katika sehemu ya kale. Wateja huniuliza kama ningewashauri kupanga hapa, nami huwauliza kwanza wanataka upande gani, kwa sababu jengo hili ni moja kwa anwani tu.

Sehemu ya kale sina budi kuisifu. Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtu anaweza kuketi dirishani bila kuning'iniza miguu, na jua la Februari linapowaka, mafundi wangu hufanya kazi hadi jioni bila feni. Honi za matatu husikika kwa mbali tu. (Julai ni habari nyingine, chumba hugeuka jokofu, na hushona tukiwa na makoti.) Sakafu ni ya mbao zilezile za zamani, na fundi aliyeikarabati alinishauri nipange cherehani na ovaloki kandokando ya ukuta, pale ambapo boriti zimeegemea, badala ya katikati ya chumba ambako sakafu hutikisika. Ushauri huo umenisaidia kuliko maelezo yote niliyopewa na wakala aliyenikodishia.

Lipu ya ndani ya karakana yangu ilirudishwa kwa chokaa, kama ilivyokuwa mwanzo, na haijanisumbua hata siku moja. Ngazini, pengine kwa kutaka kumaliza haraka, walipiga saruji. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa taratibu. Ukifunikwa kwa saruji, unyevu hukosa njia na hubaki ndani ya jiwe. Baada ya mvua za Aprili rangi ya ngazini ilivimba, ikapasuka, na sasa uso wa mawe unabanduka vipande vipande. Imepakwa rangi upya mara mbili, na mara zote mbili ugonjwa umerudi.

Lalamiko langu kubwa ni kuhusu nguzo. Kuta za kale hazikujengwa kubeba ghorofa zaidi, kwa hiyo uzito wa sehemu mpya umewekwa juu ya nguzo za chuma zinazopenya ndani ya jengo la zamani hadi kwenye misingi ya nguzo zenyewe. Uamuzi huo naukubali, maana fremu ya chuma huwa nyepesi kuliko ya zege na kuta zimeachwa zipumzike. Hata hivyo, nguzo mojawapo inasimama katikati ya chumba changu cha kukatia vitambaa, nayo imevikwa kasha nene la kuikinga na moto, kwa kuwa chuma kikipata joto kali hupoteza nguvu. Meza yangu ya kukatia ilibidi ikatwe yenyewe. Nami hulipa kodi kwa futi za mraba, na eneo la nguzo hiyo limo ndani ya hesabu. Mchoro nilioonyeshwa kabla ya kutia sahihi haukuwa na nguzo yoyote.

Wapangaji wa vyumba vya juu husikia kila hatua ya jirani kwa sababu sakafu zao ni nyepesi, na alasiri vioo huwachoma. Pale sehemu mpya inapokutana na ya kale palivuja msimu mzima wa mvua kabla ya kuzibwa.

Kuchanganya matumizi kumeniletea wateja: mtu hushuka kununua kahawa, huona nguo dirishani, hupanda. Mita za tokeni za umeme ni za kila mpangaji, jambo lililotuepusha na ugomvi mwingi. Ila lifti ni moja kwa wakazi, wateja, mitungi ya gesi na marobota yangu, na harufu ya mafuta ya kukaangia hupanda kwa ngazi na kuingia katika vitambaa vya harusi.

Nairobi ina majengo ya kale yaliyopewa kazi mpya kwa utulivu zaidi. Kipande House, la mwaka 1913, sasa ni benki. Ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, ya mwaka huohuo, ni Nairobi Gallery. Lakini kila moja lilipewa kazi moja, na halikubebeshwa ghorofa tatu kichwani.

Mkataba wangu umekwisha mwezi uliopita. Nimekubali kuongeza mwaka mmoja kwa sharti kwamba eneo la nguzo liondolewe kwenye kodi. Juzi msimamizi wa jengo alikuja na tepu, akaizunguka nguzo pande zote nne, akaandika kitu kwenye kiganja chake, akasema, "Nitakurudia, mama," akaondoka.