Sikio langu liliziba wiki tatu: uzoefu wangu wa kutolewa nta hapa Malindi

Mimi kazi yangu ni boti, napeleka wageni marine park kuangalia samaki, kwa hivyo kichwa changu kinashinda majini. Siku moja nkapiga mbizi vizuri tu, natoka, sikio la kulia limeziba tiii. Nkasema ni maji, nkarukaruka na mguu mmoja, nkalilalia, wapi. Kumbe nta ikijaa sikioni halafu ikaingia maji inavimba, ndo mtu anaingia baharini anasikia anatoka kiziwi.

Nkaanza vijiti vya pamba. Kila kijiti kinatoka na karangi kadogo mwisho wake nami najisifu nasafisha, kumbe nashindilia kama mtu anayejaza makaa kwenye gunia. Nyumbani nagombana na mke kwa sauti ya tivii, adhana naisikia upande mmoja tu.

Mahali pa kwanza nilipoenda sipataji. Jamaa hakuniuliza kitu wala hakuchungulia, alichukua bomba la sindano akajaza maji ya mfereji baridi akanipigia ndani. Wallahi chumba kilizunguka, nkashika meza nsianguke, ananambia eti kawaida. Si kawaida, maji yanatakiwa yawe na joto kama la mwili, yakiwa baridi au moto sana ndo hicho kizunguzungu. Mia tano yangu ikaenda na sikio liko vile vile.

Ya pili ni kliniki ya masikio, pua na koo, na hii ndo nawaambia watu waende ya namna hii. Dada aliyenihudumia kabla ya kugusa kitu aliuliza maswali mpaka nkachoka: ushawahi kutokwa na usaha sikioni, kufanyiwa operesheni ya sikio, kuambiwa ngoma ya sikio imetoboka, una sukari, unakunywa dawa za kufanya damu iwe nyepesi? Manake ngoma ikiwa na tundu hupigwi maji na hata matone hayatiwi hivi hivi. Halafu akachungulia na katochi kake, masikio yote mawili. Akasema nta imekauka, nenda ukatie matone mawili matatu ya mafuta ya zeituni asubuhi na jioni, ulale upande dakika tano, urudi baada ya siku tano. Nilikasirika bwana, nimepanga foleni masaa mawili narudishwa nyumbani na mafuta! Lakini alikuwa sawa.

Niliporudi alitumia mashine ya kuvuta, kamrija kembamba huku anaangalia kwa darubini. Hainiumi ila kelele yake, ni kama mtu anavuta soda iliyobaki chini ya glasi na mrija, sasa hiyo glasi ni kichwa chako. Katikati nkashikwa na kikohozi, nkadhani nimeharibu kitu, akacheka, "Pole kaka, kuna mshipa mmoja wa fahamu unafika sikioni na kooni, wengine wanakohoa." Mara paa! Nkasikia feni, tuktuk za nje, mpaka shati langu likijikunja. Alinionyesha alichotoa, kitonge kama cha punje ya kunde, rangi ya halua iliyokauka. Sikuamini nilikuwa natembea nacho.

La kushoto aliliacha. Nkamwambia si ulitoe na hilo, akasema nta ipo lakini haijaziba, na nta si uchafu, inalinda, ngozi ya ndani yenyewe inaisukuma nje pole pole. Hapo ndo nilimwamini, angetaka pesa angelitoa. Nkamuuliza na ile mishumaa ya sikioni mgeni mmoja alinisifia botini, akasema haivuti chochote, itakuunguza tu. Na akaniambia ukiamka ghafla husikii sikio moja usikae nyumbani ukitia mafuta kama mimi, mbio hospitali siku hiyo hiyo, si lazima iwe nta.

Ubaya wao: foleni, bei (nililipa 2,500 na bima yangu hawakuitaka), na hawakuniambia mapema kwamba nisiingize maji sikioni siku kadhaa. Kwa mtu wa ofisini si kitu, mimi nilipoteza safari mbili, nkakaa kwenye boti nikiwaonyesha wageni samaki kwa kidole.