Muhtasari wa akili unde: mzuri kwa habari, bado kwa bahari

Kituo kimoja cha redio kinachosikika hapa Lamu hutuma kwa WhatsApp, kila alfajiri, muhtasari wa habari ulioandaliwa na kusomwa na akili unde. Nimekuwa nikiusikiliza tangu kusi ianze kuvuma, na kwa habari za kaunti sina budi kuusifu: sauti ni safi, Kiswahili chake hakichoshi, faili ni nyepesi hata kwa aliyeko Kizingitini, kisiwani Pate, na mwanzoni kabisa msikilizaji huarifiwa kwamba anayesoma si mtu. Kuarifiwa huko ni haki yetu, na kituo kimeitimiza bila kushurutishwa.

Kasoro iko kwenye tahadhari za bahari. Asubuhi moja muhtasari ulisema upepo mkali ungeanza "saa tisa". Tahadhari yenyewe ya watabiri wa hali ya hewa, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilitaja 9 a.m., yaani saa tatu asubuhi. Programu iliichukua tarakimu ikaitamka vilevile. Nahodha wa Matondoni anayeamini kwamba bahari itakuwa shwari hadi alasiri hutweka tanga, na upepo humkuta nje ya mlango wa bahari akiwa na mabaharia wake. Mhariri yeyote aliyekulia pwani angelinasa kosa hilo kwa kusikiliza mara moja tu, kwa hiyo ni dhahiri kwamba hakuna aliyesikiliza. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba adhuhuri ilitumwa faili nyingine yenye saa sahihi, bila neno lolote la kueleza kuwa ya kwanza ilikosea, ilhali ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kusambaa.

Tatizo hili halipo Lamu pekee. Utafiti wa mwaka 2025 ulioratibiwa na Muungano wa Utangazaji wa Ulaya na kuongozwa na BBC, ukihusisha mashirika 22 ya utangazaji wa umma katika nchi 18, ulibaini kwamba asilimia 45 ya majibu ya akili unde kuhusu habari yalikuwa na angalau dosari moja kubwa. Nao Mkataba wa Paris wa tarehe 10 Novemba 2023, unaohusu akili unde na uandishi wa habari, unakibebesha chombo cha habari dhamana ya kila kinachokitoa.

Kwa habari za kaunti, jiungeni bila wasiwasi. Tahadhari za bahari zikabidhiwe mhariri anayejulikana kwa jina, asome tangazo la asili, ageuze saa mwenyewe, na panapotokea kosa atume masahihisho ya wazi kwa wasikilizaji walewale. Mpaka hapo, nahodha aulize BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, kabla ya kung'oa nanga.